Ujasiri wa wanyama pori: tutajuaje kama umeletwa na mazingira?

Swali: Wakuu, nalinganisha panya wa msituni na wa ukingo wa mashamba. Wa ukingoni wanaonekana wajasiri zaidi. Nikimpima kila mmoja mara moja, inatosha?

Jibu 1: Haitoshi, mkuu. Kipimo kimoja hakitenganishi hulka na hali ya siku ile: njaa, baridi, mimba. Mpime kila mmoja angalau mara mbili, siku tofauti, saa ileile, kisha gawanya tofauti iliyopo kati ya wanyama kwa tofauti yote ya vipimo; jibu likikaribia 1, hulka ni thabiti. Kwa tabia za wanyama, jibu la karibu 0.37 ndilo wastani. Weka namba ya jaribio (la kwanza, la pili) kwenye modeli yako ya takwimu, maana mara ya pili panya huwa ameshalizoea boksi la kumpimia. Lisafishe kwa spiriti kila baada ya panya mmoja. Harufu ya aliyetangulia huharibu kila kitu.

Jibu 2: Mtego nao huchagua. Waoga hawaingii, kwa hiyo huenda unalinganisha wajasiri kwa wajasiri. Acha mitego wazi na chambo siku chache kabla ya kuitega.

Jibu 3: Usitarajie mwelekeo mmoja. Kwa ndege wadogo aina ya Parus major wa Uholanzi, wale wepesi wa kuchunguza mahali papya walinusurika zaidi au kidogo kutegemea wingi wa mbegu za miti mwaka ule, na majike yalikuwa kinyume na madume. Msimu mmoja wa data utakudanganya. Halafu maeneo mawili tu ni sampuli ya mbili, hata ukiwa na panya mia; tafuta kingo kadhaa.