Watajuaje kilichokutwa Mirihi si kijidudu walichotoka nacho huku?

FundiKisima

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi visima, kazi zangu nyingi ziko Kigamboni na Mbagala. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo atakayejibu anishushie lugha.

Swali langu linaanzia Kibada. Mwaka juzi nilimchimbia mzee mmoja kisima cha mita 48. Maji yakatoka mazuri, hayana hata ile chumvi ya huku kwetu. Mzee akafurahi, akasema atawauzia majirani kwa ndoo, ila kwanza yapimwe. Sampuli nikaichota mwenyewe. Chupa? Ya maji ya dukani, niliyamalizia kwenye pantoni. Nikaisuuza mara mbili kwa maji yale yale ya kisima, nikajiona nimefanya la maana.

Majibu yakarudi: maji yana bakteria wa kinyesi.

Kilichofuata sikisahau. Mzee akakikodolea macho choo cha jirani, jirani akaapa choo kilikuwepo kabla ya kisima, mjumbe akaitwa. Nikatia klorini kisimani, tukasubiri, tukavuta maji, nikapeleka sampuli ya pili, chupa ya dukani tena. Bado wapo. Jirani, mtu asiyependa shari, akafukia choo chake akaanza kuchimba kingine upande wa pili wa kiwanja, kwa pesa yake. Nikatia klorini tena. Mara ya tatu ndiyo kijana wa maabara akaniuliza, "Fundi, hizi chupa unazitoa wapi?" Akanipa ya kwao, imefungwa, akaniagiza niunguze mdomo wa bomba kwa moto kabla ya kukinga. Majibu yakaja safi. Kumbe vijidudu vilikuwa vya mikono yangu. Jirani mpaka leo sijamwambia.

Sasa juzi binti yangu wa kidato cha pili ananisimulia habari za vyombo vinavyopelekwa Mirihi kuangalia kama kuna uhai au uliwahi kuwepo. Nikamwuliza: chupa yao nani kaiosha? Akacheka, eti baba, wale ni NASA, shirika la anga la Marekani. Mimi sikucheka. Hata mimi Kibada nilikuwa naitwa fundi.

Naomba kujua: chombo kinasafishwaje hadi mtu aamini hakikubeba kitu kutoka huku? Halafu binti kasema kuna kimoja walikiangusha makusudi kwenye Zohali kikaungua, ili kisichafue mwezi mmoja wa huko. Kama kilisafishwa, walikuwa wanaogopa nini?

MsimbaziJuu

Mkuu, mvua ikinyesha Jangwani vyoo vinahamia sebuleni kwa watu, wewe una wasiwasi na Mirihi. Kule baridi ya kugandisha, hewa karibu hakuna, miale ya jua haina kizuizi. Kijidudu gani kitaishi? Kitakufa kabla gari halijapiga picha ya kwanza.

DadaWaMvuke

Kaka Fundi, pole na Kibada. Na huyo jirani mwambie, hata kama imepita miaka miwili.

Mimi kazi yangu ni kutakasa vifaa vya upasuaji, hospitali moja hapa mjini, mwaka wa kumi na moja huu. Kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua.

Kwanza tofautisha kuosha na kutakasa. Mkasi ulioshwa na sabuni unang'aa, lakini bado una vijidudu. Sisi tunaufunga kwenye kitambaa, tunauingiza kwenye mashine ya mvuke, nyuzi joto 121, chini ya mgandamizo, robo saa au zaidi. Kwa nini zote hizo wakati maji ya kuchemka ni 100? Kwa sababu ya spora. Kuna bakteria wakiona maisha yamekuwa magumu wanajifungia ndani ya gamba, wanakauka, wanalala. Hali wala hanywi. Maji ya kuchemka anaweza kuyavumilia, pombe ya kupangusia anaivumilia. Ndiyo maana kwenye mashine yetu tunaweka na kikaratasi chenye spora za bakteria mmoja sugu kwa mvuke, Geobacillus stearothermophilus. Mzunguko ukiisha tunakiotesha. Akiota, mzigo wote unarudi. Siamini mashine kwa sababu taa ya kijani imewaka. Naamini kikaratasi.

Sasa chombo cha anga ukikiingiza kwenye mvuke umekiua wewe, sio vijidudu. Nyaya, betri, gundi, kamera, vyote basi. Waliopeleka Viking mbili Mirihi, zikatua 1976, walitumia joto kavu. Chombo kizima kikafungwa ndani ya ganda lake kikaokwa kwenye tanuri, kama nyuzi 112, zaidi ya siku nzima. Maana yake kila kipande ilibidi kitengenezwe tangu mwanzo kiweze kuokwa, na gharama yake si mchezo. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, walijaribu kupasha joto vyombo vya Ranger vilivyokuwa vinakwenda Mwezini. Ranger zikafeli moja baada ya nyingine, na joto likawa mmoja wa washukiwa, wakaliacha.

Baada ya Viking kuonyesha Mirihi ni pakavu na pakali, masharti yalilegezwa. Siku hizi wanaunda chombo kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa, watu wamejifunika mpaka macho, wanapangusa kwa pombe, vipande vinavyoweza kuvumilia wanavipasha joto, vingine wanavipuliza mvuke wa haidrojeni peroksaidi. Halafu wanafanya kama kikaratasi changu, ila kwa kugeuza: wanapangusa eneo kwa pamba, ile pamba wanaiweka kwenye maji, wanayapasha nyuzi 80 kwa dakika 15 ili walaini wafe, waliobaki wanaoteshwa na kuhesabiwa. Kwa chombo cha kawaida cha kutua Mirihi kikomo ni spora 300,000 kwa jumla, wastani usizidi 300 kwa mita moja ya mraba. Chombo kinachokwenda kutafuta uhai wenyewe, au kuingia sehemu inayodhaniwa inaweza kuwa na maji, kikomo kinashuka mpaka spora 30 kwa jumla.

Laki tatu inashtua, najua. Lakini chota kijiko cha udongo hapo nje kwako, humo bakteria wanahesabiwa kwa mamilioni ya mamia. Na angalia wanachohesabu: ni wale wanaokubali kuota kwenye chakula cha maabara. Wasiokubali hawaonekani kwenye sahani. Tena chumba safi kina balaa lake. Dhaifu wote ukishawaua, waliobaki ni majeuri. Mwaka 2013 alitangazwa bakteria mmoja, Tersicoccus phoenicis, aliyekutwa kwenye vyumba safi viwili tu: kimoja Florida, kingine Guyana ya Ufaransa, bahari katikati. Ni kama mende wa jikoni aliyezoea dawa.

Kuhusu Zohali: hicho ni Cassini. Hakikuokwa, kwa sababu hakikupangiwa kutua. Kilizunguka miaka 13, na humo humo kikagundua mwezi wake mmoja mdogo, Enceladus, unarusha maji kutoka kwenye bahari iliyo chini ya barafu. Mafuta yakawa yanaisha. Chombo kisicho na mafuta huwezi kukiongoza, siku moja kingeweza kuugonga mwezi ule ule. Wakakiingiza Zohali tarehe 15 Septemba 2017 kikateketea. Chombo kingine, Galileo, nacho kilitupwa kwenye sayari ya Mshtarii 2003 ili kisichafue mwezi wake uitwao Europa.

Hiyo si tofauti na mkasi ulioanguka sakafuni. Haijalishi sakafu imedekiwa asubuhi.

MsimbaziJuu

Dada hapo nimekuelewa, lakini hoja yangu ya miale hujaigusa.

MwalimuMstaafu_Ukonga

Hiyo niachieni mimi, nilifundisha baiolojia miaka thelathini.

Kijana wa Msimbazi, umesema kweli nusu. Ukimwanika bakteria juani Mirihi, peke yake, uchi, wengi hawafiki jioni. Lakini nani kakwambia atakaa juani? Atakuwa ndani ya tundu la skrubu, au chini ya vumbi. Wajapani walianika vidonge vya bakteria aitwaye Deinococcus nje ya kituo cha anga cha kimataifa kwa miaka mitatu, matokeo yakatoka 2020. Waliokuwa juu ya kidonge walikufa, mizoga yao ikawa mwavuli. Wa chini wakarudi wazima. Kuishi si lazima kuzaliana, hilo nakupa. Ila hata mzoga wa bakteria una molekuli zake, na vipimo vya siku hizi vinatafuta molekuli.

Fundi, hadithi yako ya chupa imetokea kweli, tena Mwezini. Aprili 1967 Wamarekani walitua huko na chombo kisicho na mtu, Surveyor 3. Novemba 1969 wana anga wa Apollo 12 wakakifuata, wakakata kamera yake wakarudi nayo. Maabara wakaotesha vipande, na kwenye sponji ya ndani akakutwa Streptococcus mitis, bakteria anayekaa mdomoni na kooni mwa binadamu. Ikasemwa kwamba fundi alimpigia chafya kabla chombo hakijaondoka, naye akaishi Mwezini miaka miwili na nusu. Mimi mwenyewe niliwafundisha watoto hivyo. Miaka mingi baadaye watu wakarudia kutazama picha za siku kamera ilipofunguliwa. Mafundi wamevaa mikono mifupi. Kifaa cha kukatia kimelazwa juu ya meza isiyotakaswa. Uwezekano mkubwa huyo bakteria hakwenda popote.

Kuna na upande wa pili, mimi unaniuma zaidi. Viking, hizo hizo zilizookwa, zilipasha moto udongo wa Mirihi zikinusa kama una kemikali za kaboni. Zikanusa kidogo tu, za kaboni na klorini. Watafiti wakasema ah, hizi ni za dawa tulizosafishia mitambo, ni uchafu wetu. Wakazifuta. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikakuta udongo wa Mirihi una pakloreti, chumvi yenye klorini ambayo ikipata joto inaunguza kaboni iliyo karibu. Tangu hapo wapo wanaosema zile harufu huenda zilikuwa za Mirihi yenyewe. Miaka thelathini na kitu zilihesabiwa uchafu, kwa sababu walijua chupa yao iliwahi kusafishwa kwa kitu kinachofanana.

Mkataba wa anga wa 1967 unazitaka nchi ziepuke uchafuzi wenye madhara. Watu wakisikia madhara wanafikiria kuua viumbe wa huko, na hilo lipo. Lakini kwa sisi watu wa vitabu madhara ya kwanza ni kuharibu swali. Ukishapapasa, hujui tena ulichokikuta.

FundiKisima

Mwalimu shikamoo. Nimemsomea binti hapa, kanyamaza kabisa.

Hiyo ya mikono mifupi imenipata. Na lile la spora 30, kwa hiyo penye dalili ya maji ndipo masharti yanapokaza? Basi pale panapofaa kutafutwa ndipo pagumu kuruhusiwa kwenda. Mimi mwanaume kazi yangu yote ni kutafuta penye maji, ningefukuzwa siku ya kwanza.

Dada, swali la kikazi: zile chupa za maabara zinauzwa wapi? Nataka niwe nazo zangu kwenye boksi, sitaki tena ya pantoni.

DadaWaMvuke

Usinunue, chukua kwa maabara utakayoipelekea sampuli. Fungua dakika ile ile unakinga, kifuniko usikilaze chini, weka kwenye boksi la barafu, ifike ndani ya saa sita. Na usiisuuze! Za maji yenye klorini huwa wanatia unga kidogo au tone la dawa humo ndani.

FundiKisima

Ule unga mweupe chini ya chupa ni dawa?

DadaWaMvuke

Ndiyo. Unazima klorini iliyobaki kwenye maji. Bila huo, klorini inaendelea kuua bakteria ndani ya chupa njia nzima, maabara wanapokea maji yaliyokufa. Wewe ulidhani nini?

FundiKisima

Nilidhani vumbi. Niliisuuza mara tatu, nikaona safari hii nafanya kazi safi.

DadaWaMvuke

Na sampuli hiyo ulichota siku ngapi baada ya klorini ya pili?

FundiKisima

Siku iliyofuata. Maji yalikuwa bado yananukia.

MwalimuMstaafu_Ukonga

Ala!

FundiKisima

Mzee anauza ndoo mia mbili kwa siku pale. Kesho naingia pantoni ya kwanza, napitia maabara kuchukua chupa. Nikishajua majibu ndiyo nitajua cha kumwambia jirani.

MsimbaziJuu

Mkuu ukifika utuletee majibu hapa hapa. Mirihi waache kwanza.