Naomba ushauri: kipeperushi cha jiji kuhusu kura ya kodi

Habari zenu wakuu. Nipo California, na hii ndiyo kura yangu ya kwanza tangu nipate uraia. Jiji letu linataka kuongeza kodi ya mauzo, na limetuletea nyumbani kipeperushi chenye picha za magari ya zimamoto na barabara zenye mashimo. Hakijasema popote "pigeni ndiyo", ila ukimaliza kukisoma umeshalainika!

Najua tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya California katika kesi ya Stanson v. Mott ya 1976, fedha za umma ni za kueleza, si za kupigia kampeni. Mstari huo kati ya kueleza na kupiga kampeni mnauonaje? Kijitabu cha wapiga kura kina uchambuzi wa mwanasheria wa jiji, usiozidi maneno 500, lakini lugha yake ya kisheria imenishinda. Wazoefu, huwa mnaanza kusoma wapi?