Baba anaumwa mgongo, mbona daktari anampeleka kwa mwanasaikolojia?

BintiMatondoni
Asalaam aleikum jamaa. Baba yangu ni fundi wa majahazi hapa Matondoni. Tangu kaskazi ya mwaka jana mgongo umemkamata, maumivu yanashuka hadi mguu wa kulia. Ameumikwa, amekunywa kombe, amekandwa, amemeza dawa za hospitali. Yakitulia siku mbili, ya tatu yamerudi. Tezo kalitundika, hata baraza ya jioni kaiacha. Juzi daktari akamwandikia barua aonane na mwanasaikolojia. Baba kaikunja akasema, "Wameniona mwendawazimu." Hebu nielezeni, huko wanapima nini? Ndiyo kusema maumivu anajitilia?

Mwana_Shela
Dada, mzee wa watu asichoshwe. Mgongo haujapigwa picha, mara akili? Daini kipimo kwanza.

NesiMalindi
Waaleikum salaam mwanangu. Mwambie baba hakuna aliyemwita mwongo. Nimeuguza watu hapa Malindi miaka mingi, na barua kama hiyo huandikiwa mtu anayeaminika kwamba anaumia kweli.

Maumivu yakipita miezi 3 huhesabiwa kuwa sugu. Hapo mishipa ya fahamu na ubongo vimeshazoea kupiga mbiu ya hatari, na vyaweza kuendelea kuipiga hata palipoumia pakishapona. Usingizi ukikosekana, hofu ikiingia, mbiu inazidi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, katika maelezo yake ya mwaka 2020, kinayataja maumivu kuwa jambo la mwili na la hisia pamoja, na kinataka neno la mgonjwa kuhusu maumivu yake liheshimiwe.

Huko ni mazungumzo. Ataulizwa analalaje, ameacha shughuli gani, anameza vidonge vingapi (na vya dukani avitaje!), anahofia nini akiinama. Hili la mwisho ni kubwa. Fundi anayeamini akiinama uti utakatika, hukaa. Akikaa sana misuli hulegea, na siku akijaribu kuinama huumia zaidi, basi anaona hofu yake ilikuwa kweli. Hapo ndipo wengi wanapokwama, na picha ya eksirei haiwezi kulionyesha hilo.

Huenda akapewa pia karatasi iitwayo PHQ-9, ya kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyomwachia mtu: maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Sasa sikiliza. Inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula, na mtu wa mgongo aweza kuvikosa vyote kwa maumivu peke yake. Mpimaji mzuri haishii kwenye alama. Atamwuliza, "Usiku unaamshwa na mguu au na mawazo?" Asipouliza, baba aseme mwenyewe.

Mwana_Shela, kupima mwili ni haki yake, na kimoja hakizuii kingine. Ila akipata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukiziba au kumtoka bila kujua, au mguu ukipoteza nguvu, msingoje miadi yoyote. Hospitali siku hiyo hiyo.

UaLaMsumarini
Mimi nina selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao unaoleta maumivu, tangu utotoni, nimeshaitwa mdekaji na watu wazima kabisa. Nilipopelekwa kupimwa hivyo nilikwenda kwa hasira. Yule dada mwanasaikolojia akaniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: siku maumivu yakipungua, unafanya nini? Nikamwambia nafua, napika, nasafisha nyumba nzima, maana sijui kesho nitaamkaje. Na kesho yake? Kitandani. Tukaanzia hapo, akanifundisha kuigawa kazi na kupumzika kabla sijachoka. Maumivu hayajaondoka, lakini nimerudi kushona kofia. Dada, mpeleke mzee.

BintiMatondoni
Allah awalipe kheri. Nimemsomea yote. Amenyamaza, kisha kauliza kama nitakuwapo. Niingie naye?

NesiMalindi
Fuatana naye, ila mwanzo mwache peke yake. Swali la 9 la ile karatasi ya PHQ-9 linauliza kama mtu amewaza kwamba afadhali afe au ajidhuru, na mzee hawezi kulijibu mbele ya bintiye. Akijibu ndiyo, atashughulikiwa pale pale, kwa hiyo asilifiche. Kisha uitwe uingie, uwaeleze anavyoamka asubuhi na anachoweza kufanya kabla ya adhuhuri. Hayo wewe unayajua kuliko sisi sote.