Kuwaombea ruzuku akina mama wa mwani, Tanga

Asalaam aleikum, shikamooni wakubwa.

Niko Minnesota. Akina mama wa kwetu Mkinga wanalima mwani, wana kikundi kilichoandikishwa halmashauri, na wanataka vichanja vya kuanikia na stoo ndogo. Taasisi moja ya huku imetujibu mistari miwili tu: wanatoa kwa wenye 501(c)(3). Ndiyo nini hiyo, na tuanzie wapi?

Mdogo wenu

---

Wa aleikum salaam, marahaba mdogo wangu.

Hicho ni kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kinachotambua mashirika ya hisani. Taasisi ya wakfu hairuhusiwi kutoa hela nje kienyeji tu: ama ithibitishe kwamba shirika la huko linalingana na la hisani la huku, ama iifuatilie ruzuku kwa mkataba na taarifa mpaka iishe. Wanasheria wanataka chao, na kwa ruzuku ndogo wengi wanaona haiwalipi. Kwa hiyo wengi wetu hutafuta shirika la huku lenye hadhi hiyo likubali kuwa mdhamini. Hela inaingia kwao, wao wanaisimamia, wanakata asilimia yao, nyingine inakwenda Tanga. Asilimia hiyo iulizeni mapema, na iandikwe.

Kabla ya kuandika barua nyingine, fungua 990-PF ya taasisi unayoitaka. Ni fomu ya kodi ya kila mwaka, iko wazi kwa yeyote. ProPublica, shirika la habari la Marekani, wameziweka mtandaoni bure. Tovuti za taasisi zenyewe achana nazo, zote zinaipenda “jamii”. Shuka mpaka kwenye orodha ya waliopewa. Ukikuta ni makanisa na hospitali za mji mmoja wa Ohio, funga. Ukikuta kuna shirika la Kenya au la Mtwara, weka alama. Sheria inawabana watoe kama 5% ya thamani ya mali zao kila mwaka, kwa hiyo hela itatoka tu. Wewe tazama inaelekea wapi.

Sasa nyumbani, ambako ndiko mambo hukwama. Kikundi cha halmashauri si NGO. Cheti chao kinatosha kwa mikopo ya halmashauri inayotokana na 10% ya mapato yake ya ndani, ile ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Haina riba, na kwa vichanja na kamba ningeanzia hapo, wafadhili baadaye. Mfadhili wa nje mara nyingi atataka usajili wa Msajili wa NGO, chini ya sheria ya 2002. Halafu kwa kanuni za 2018, fedha ikizidi shilingi milioni 20, mkataba unapelekwa Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Mwenyekiti alijue hilo kabla hajatia saini.

Akaunti iwe ya kikundi. Si yako, wala ya mjomba aliyeko mjini “anayeaminika”.

Na andiko usiwatungie. Wapigie simu, waulize: mvua ikiunyeshea mwani ulioanikwa mchangani, mnunuzi anashusha bei kiasi gani? Kilo ngapi anazikataa? Majibu yao yaandike yalivyo, kisha tafsiri. Hoja ya vichanja yote imo humo. Stoo nayo iwekeeni fungu la matengenezo, maana wafadhili nao ni waja leo waondoka leo, na bati likitoboka hawapo.

Dada yenu, Columbus (Ngamiani)

---

Dada kamaliza, naongeza kidogo tu. Tulio Uingereza tunatazama GrantNav, tovuti ya shirika la 360Giving, inaonyesha nani kampa nani ruzuku na kiasi gani. Na msiiruke Foundation for Civil Society ya Dar: wao hutoa ruzuku kwa asasi za Tanzania, habari ya mdhamini wa Marekani haipo kabisa.

Mdogo wetu, hao akina mama wana taarifa ya mapato na matumizi ya mwaka jana, hata ya daftari? Kama ipo, ipige picha unitumie mimi peke yangu, niipitie Jumamosi.

Kaka, Leicester