Mameneja wa miradi, acheni kutangaza tarehe ya kukabidhi mfumo kabla kazi zake hazijahesabiwa

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Tangu nianze kazi ya kutengeneza programu hapa Dar es Salaam, sijashiriki mradi hata mmoja ambao tarehe ya kukabidhi ilitokana na kuhesabu kazi zilizomo. Tarehe hutangulia. Huwa imeandikwa kwenye zabuni, au mkurugenzi ameitamka mbele ya mteja, au imechaguliwa kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unafungwa tarehe 30 Juni na kila ofisi inataka malipo yawe yamekamilika kabla ya siku hiyo. Baada ya hapo ndipo sisi watengenezaji tunaitwa kikaoni na kuulizwa kila kazi itachukua siku ngapi, ilhali jibu linalotakiwa limeshaamuliwa. Jumla ya siku zetu ikizidi, tunaagizwa tuipunguze, na hakuna kazi hata moja inayoondolewa kwenye orodha.

Nichukue mfano wa mstari mmoja tu wa ratiba ya mradi tuliomaliza hivi karibuni kwa kuchelewa sana: "Kuunganisha malipo, siku tatu." Aliyeuandika hakumuuliza mtu yeyote aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Ndani ya mstari huo kuna barua rasmi ya kuomba mfumo wetu uunganishwe na mfumo wa malipo, ambayo lazima isainiwe na mteja mwenyewe, kuna kusubiri ombi lipokelewe na likubaliwe, kuna kusubiri funguo za siri za kuingilia mfumo wao wa majaribio, na kuna kusubiri anwani ya seva yetu iruhusiwe upande wao. Yote hayo yakishapita ndipo kazi yenyewe inaanza: kutoa kumbukumbu namba ya malipo, kushughulikia taarifa ya malipo yale yale inapoletwa mara mbili, kuamua mfumo ufanye nini pale mlipaji alipokatwa fedha kwenye simu lakini majibu hayajafika kwetu, na kulinganisha hesabu zetu na za benki mwisho wa siku. Kuandika msimbo wa kuunganisha ni sehemu ndogo kabisa ya haya.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kusubiri hakukuwekwa kwenye ratiba kabisa, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayefanya kazi wakati huo. Ni kweli kwamba kusubiri hakumchoshi mtu, lakini kunakula kalenda, na kazi nne zilizofuata hazikuweza kuguswa mpaka funguo zifike. Barua ile ingeandikwa wiki ya kwanza ya mradi, tungesubiri huku tukijenga sehemu nyingine. Iliandikwa baada ya kila kitu kingine kukamilika. Hili si jambo jipya ambalo mameneja wetu wangeweza kudai hawajalisikia: kampuni ya DuPont nchini Marekani ilianza kulifanyia kazi mwaka 1957, kwa kuchora kazi zote pamoja na utegemezi wake ili kuona ni mfuatano upi unaoamua urefu wa mradi mzima. Kazi iliyo nje ya mfuatano huo inaweza kuchelewa kidogo bila madhara. Iliyo ndani yake ikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Ratiba tunazopewa sisi ni orodha ya kazi zilizopangwa kwa rangi, hazioneshi ipi inaisubiri ipi.

Kuhusu makadirio yenyewe, naomba mnisikilize kwa makini. Jeshi la Majini la Marekani, lilipokuwa likisimamia mradi wa makombora ya Polaris mwaka 1958, lilitumia njia ya kuuliza namba tatu kwa kila kazi: mambo yakienda vizuri, yakienda kama kawaida, na yakienda vibaya. Unajumlisha ya kwanza, ya pili mara nne na ya tatu, kisha unagawanya kwa sita. Kazi ambayo kwa kawaida ni siku tano, ikienda vizuri ni tatu na ikiharibika ni 19, hesabu yake inakuwa siku saba. Sisi tunaulizwa namba moja tu, tena kwa kuharakishwa mbele ya wakubwa, na anayetaja saba anaonekana mvivu.

Wala namba tatu peke yake hazitoshi, kwa sababu binadamu hukosea hata anapojilazimisha kufikiria mabaya. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti wa wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao: kwa wastani walikadiria siku 34 hivi, wakataja siku 49 hivi iwapo kila kitu kingekwenda vibaya kadiri inavyowezekana, na hatimaye wakatumia takribani 55. Dawa ilikuwa imeshapendekezwa mwaka 1979 na wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky, nayo ni kuangalia kazi za aina hiyo zilichukua muda gani zamani badala ya kutegemea hisia za anayekadiria. Sasa niambieni, ni kampuni ngapi hapa nchini zinazotunza kumbukumbu ya muda ambao kila kazi ilitumia kweli? Yangu haina. Mradi ukikabidhiwa, ratiba yake inafutwa na kosa lile lile linarudiwa kwa mteja mwingine.

Halafu mradi ukishachelewa, analetwa mtu wa tano, wa sita, hadi wa nane. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Watu wanne wana jozi sita za kuelewana, na watu wanane wana jozi 28. Wageni hao lazima wafundishwe, na wanaoweza kuwafundisha ni wale wale waliokwishaelemewa.

Siku zinazoliwa na haya yote hutolewa kwenye majaribio, kwa sababu majaribio yamewekwa mwisho. Mfumo wa bima ya afya wa Marekani, HealthCare.gov, ulizinduliwa tarehe 1 Oktoba 2013 kwa sababu tarehe ilishapangwa. Wakandarasi waliwaeleza wabunge mwezi huo huo kwamba mfumo mzima ulijaribiwa kwa pamoja katika wiki mbili za mwisho tu, ilhali walihitaji miezi. Watumiaji walikwama tangu siku ya kwanza. Kama serikali tajiri kiasi kile haikuweza kununua muda wa majaribio uliokwisha kuliwa, sisi tunategemea nini?

Najua watakuja watakaosema tugawe kazi katika awamu fupi za wiki mbili mbili. Tunagawa. Lakini awamu fupi zina maana pale tu mteja anapokubali kupunguza mahitaji au kusogeza tarehe kutokana na kilichoonekana katika awamu iliyopita. Kwetu mahitaji hayapungui na tarehe haisogei, kwa hiyo tunachopata ni kikao cha kila asubuhi cha kuulizwa kwa nini hatujamaliza.

Ninachodai ni hiki: mtengenezaji atakayeifanya kazi ndiye aikadirie, kusubiri kuandikwe kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote, siku za majaribio zisiguswe, na tarehe ikiwa haiwezi kusogezwa, basi meneja akae na mteja wachague cha kuondoa. Mwezi ujao tunaanza mradi mwingine wenye malipo ndani yake. Tarehe ya uzinduzi imeshatangazwa, na barua ya maombi haijaandikwa. Mameneja wa miradi mliomo humu, hasa mliowahi kumweleza mteja wa serikali kwamba tarehe yake haiwezekani na bado mkapewa kazi, naomba mtueleze mlimwambia nini na mlimwonesha nini.