Tupeane uzoefu: laptopu ilijisasisha usiku, asubuhi haina sauti

Mwalimu wa Langoni

Asalaam alaykum jamani. Mimi nafundisha Kiswahili kwa video nikiwa hapa Lamu, wanafunzi wangu wako Ujerumani na Marekani. Jumatatu iliyopita niliiacha laptopu ikijisasisha nikaenda kulala. Asubuhi nafungua darasa, mwanafunzi anachezesha mdomo kama samaki aliyetolewa majini, nami sisikii kitu. Nikamalizia somo kwa simu.

Fundi wa kwanza aliitazama dakika mbili tu, akasema kadi ya sauti imeungua, na kwa vile imeshikana na ubao mkuu, nibadilishe ubao wote. Bei aliyoitaja nusura nikae chini. Nikamuuliza, imeunguaje nayo ililala mezani? "Umeme huu wauona mwenyewe," akanijibu. Nikabeba changu nikaondoka.

Aliyeifufua ni mpwa wangu. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M, ikaja orodha ya vifaa vyote vya ndani. Kwenye sehemu ya sauti palikuwa na pembetatu ya manjano. Kifaa kizima, ila draiva mpya iliyokuja na sasisho, yaani programu ndogo inayokiendesha, haielewani nacho. Pale pale pana kitufe cha kurudisha draiva ya zamani, lakini changu kilikuwa kimefifia hakibonyezeki, maana ya zamani haikuhifadhiwa. Basi akakiondoa kile kifaa orodhani, akatia tiki kwenye kijisanduku cha kufuta na draiva yake, akazima na kuwasha. Ilipowaka ikalia, mamangu akauliza toka jikoni hiyo ni simu ya nani.

Tukafurahi siku mbili. Ya tatu, kimya tena! Ile draiva mbovu ilikuwa imejirudisha yenyewe. Safari hii tulisimamisha masasisho kwa wiki moja, tukaigeuza laptopu, tukaandika namba ya modeli iliyo chini yake, tukapakua draiva ya sauti kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu yenyewe. Zile tovuti zinazojitangaza kuwa zina "draiva zote" mpwa wangu alinikataza hata kuzifungua. Bando lililiwa, lakini tangu hapo imetulia.

Haya, nanyi semeni. Yako ilirudije?

Karani wa Mokowe

Mwalimu, yangu ni ya aibu. Laptopu ya ofisini huchomekwa kwenye televisheni ya ukutani siku za mikutano. Baada ya sasisho, sauti yote ikawa inapelekwa huko kwenye televisheni, na televisheni imezimwa. Nimefuta draiva, nimeirudisha, dua nimesoma. Wenye Windows 11 bonyezeni Ctrl, Windows na V kwa pamoja, mtaona sauti inatokea wapi, kisha mchague spika. Sekunde kumi. Anzeni hapo kabla hamjagusa kingine.

Mrekodi kasida

Sisi tunaotumia Ubuntu, mfumo mwingine badala ya Windows, tuna yetu. Narekodi kasida za watoto wa madrasa, na nilikuwa nimekaa na toleo la zamani miaka. Kuanzia toleo la 22.10 sauti inasimamiwa na programu ya PipeWire badala ya PulseAudio, kwa hiyo nilipopanda toleo nikakuta spika zangu hazimo, kimebaki kifaa cha bandia ambacho hakitoi chochote. Nilifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika hivi:

systemctl --user restart pipewire wireplumber

Spika zikaonekana, kimya bado. Nikakaribia kuifomati, na ningefanya hivyo ningepoteza kasida za mwezi mzima. Kumbe ilikuwa bubu tu. Andika alsamixer hapo hapo, bonyeza F6 uchague kadi yako, utazame chini ya kila mnara. Palipoandikwa MM pamenyamazishwa, bonyeza M pageuke OO. Na kama kadi haionekani kabisa, wakati wa kuwasha ingia kwenye menyu ya mwanzo uchague kerneli (kiini cha mfumo) ya nyuma. Ikisikika huko, ujue tatizo ni kerneli mpya, wala si mashine yako.

Mwenye nyumba ya wageni, Shela

Nyinyi mna sasisho, mimi nina bahari. Sauti ilikatika siku ile ile iliyojisasisha, nikalilaani sasisho wiki nzima. Halafu mgeni mmoja akachomeka hedifoni zake, sauti hiyo! Akichomoa, kimya, na kwenye skrini bado pameandikwa hedifoni. Tundu lilikuwa limeshika kutu ya chumvi, kile kibati cha ndani kinachohisi waya kimekwama. Fundi wa simu alilisafisha kwa brashi laini na spiriti, laptopu ikiwa imezimwa, mambo yakaisha. Siku hizi siiachi barazani kaskazi ikivuma.

Kijana wa Mkomani

Huyo fundi wa mwalimu mwambieni haya. Oktoba 2018, draiva ya sauti ya Intel, toleo 9.21.00.3755, ilisambazwa kimakosa kupitia Windows Update na kompyuta zikawa bubu. Microsoft ikatoa sasisho jingine, KB4468550, la kuiondoa. Ubao mkuu haukubadilishwa. Nyongeza ndogo: bonyeza Windows na R, andika services.msc, tafuta Windows Audio, uianzishe upya. Mara nyingine huduma imelala tu, haina ugonjwa.

Mwalimu wa Langoni

Ahsanteni, nimecheka na nimejifunza. Bwana wa Shela, nimekwenda kulitazama tundu langu mara moja! Ila nina jingine: tangu nitie draiva mpya mimi nawasikia wanafunzi vizuri, wao wanasema sauti yangu inatoka kisimani.

Karani wa Mokowe

Ingia kwenye mipangilio ya sauti, shuka mpaka kwenye maikrofoni, utazame kiwango. Draiva mpya huenda imekirudisha chini.

Mwalimu wa Langoni

Kilikuwa 38. Nimekipandisha mpaka 90, sasa wanasikia hadi punda wa jirani.