Shangazi amepooza, tunatafuta nyumba ya wazee: tukague nini?

Binti Likoni: Salaam wandugu. Shangazi ana miaka 79, kiharusi kimempooza upande wa kulia. Ana mpira wa mkojo, chakula hupondewa, na ikifika jioni akili humtoka akataka "kwenda kwao". Tumebaki na nyumba mbili za kulipia, moja Mombasa, nyingine Nairobi. Sebule zote mbili zinang'aa. Zaidi ya sebule, tutazame nini?

Nesi wa Zamu: Dada, sebule ni ya wageni. Omba uonyeshwe karatasi ya kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, jina lifunikwe. Mtu wa namna hiyo kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kila mara huandikwa saa na sahihi. Ukikuta wiki nzima mwandiko mmoja, kalamu moja, dakika hazipishani, basi imejazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu. Godoro la upepo husaidia, ila haligeuzi mtu.

Kisha muulize mlezi, si meneja: ukiona wekundu kisiginoni au chini ya mgongo, ukiubonyeza haufifii, unafanyaje? Hicho ni kidonda kinachoanza. Jibu sahihi ni kumwondoa asilalie hapo na kumwita nesi. Akisema "tunapaka mafuta tunasugua", tafuteni kwingine, kwa sababu kusugua huumiza zaidi nyama ambayo tayari imekosa damu.

Hesabuni pia watu wa usiku. Mgonjwa mzito hugeuzwa na wawili, kwa hiyo nyumba yenye mlezi mmoja usiku haitamgeuza, hata iahidi nini. Mpira wa mkojo wa silikoni unaweza kukaa hadi wiki 12, wa kawaida muda wake ni mfupi zaidi. Tarehe ya kuuingiza iwe kwenye faili. Mfuko ukae chini ya kibofu bila kugusa sakafu. Leseni ya nesi ihakikisheni Baraza la Wauguzi la Kenya, msitosheke na cheti kilichotundikwa ukutani.

Kobe: Nendeni saa ya chakula cha mchana. Kiharusi hulegeza koo, chakula kikapita njia ya hewa hadi mapafuni, na nimonia yake huanza kimya kimya. Chai na maji ndivyo vya kuogopa kuliko uji mzito, maana hukimbia kabla koo halijajifunga. Anayelishwa aketi wima, vijiko vidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Mlezi mmoja akilisha wanne kwa zamu, hapo ni kushindilia tu. Uzito upimwe kila mwezi. Ukishuka, jueni hapati chakula cha kutosha.

Hesabu Kwanza: "Kila kitu kimo ndani ya bei" isomwe kwenye mkataba. Mara nyingi nepi, dawa, mazoezi ya viungo na gari la wagonjwa havimo. Nepi 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi, yaani pakiti 12 za kumi kumi. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, kama anazipata, hazifiki mbali. Mkataba useme: akilazwa hospitali kitanda kinalipiwa nusu au chote? Dipoziti inarudi baada ya siku ngapi? Nani huamua apelekwe hospitali usiku wa manane, na ipi? Michango yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, iwe imelipwa kabla hajahamia, si siku ya dharura.

Binti Likoni: Ahsanteni. Na hilo la jioni? Ile ya bei nafuu wamesema "tutampa kitu alale".

Nesi wa Zamu: Kitu gani? Waandike jina la dawa, kipimo, na daktari aliyeiagiza. Haloperidol, dawa ya kutuliza akili, na jamii yake huongeza hatari ya kiharusi kwa mzee aliyepungukiwa akili, na huyu keshapata kimoja. Tena kabla ya dawa wakague mpira: ukiziba, au mkojo ukipata maambukizi, mzee huchanganyikiwa ghafla. Choo kigumu nacho hufanya hivyo hivyo. Baadaye taa ziwashwe kabla ya magharibi na mlezi awe yule yule. Rudini pale saa nne asubuhi bila kuarifu. Mkikuta wazee wote wamesinzia vitini, mtajua hicho "kitu" hupewa wangapi.